Puto na Sirinji Yake

Kosa langu la kwanza katika kazi hii lilikuwa kupanga kabati. Naliweka hapa juu kabisa kwa sababu najua mnavyosoma: mkikuta mtu anaanza kwa kujisifu, mnaacha. Mimi pia huacha. Halafu kuna sababu nyingine. Sikumbuki kosa hata moja nililofanya chumbani kwa uzembe. Yote niliyafanya nikijaribu kufanya kitu vizuri kuliko nilivyoagizwa, na hilo ni kosa baya zaidi, maana anayelifanya hujiona yuko sawa.

Ninyi watatu mnaobaki na funguo za chumba cha katheta mmeniomba niandike niliyojifunza. Nimestaafu nina miaka thelathini na saba. Mtu akistaafu katika umri huo, watu hutaka kujua ameiba nini. Jirani yangu hapa mtaa wa Jamhuri ameniuliza mara mbili, mara ya pili akiwa ameniletea ndizi. Ukweli ni mgongo. Ile aproni ya madini ya risasi tunayovaa kujikinga na eksirei ina uzito wa mtoto anayeanza kutambaa, na mimi nimembeba mtoto huyo miaka kumi na tatu bila yeye kukua wala kutembea. Pingili mbili zimesagika. Daktari wa mifupa aliponionyesha picha, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuangalia kama jina lililoandikwa pembeni ni langu. Lilikuwa langu. Nikaangalia tena.

Sikusomea kazi hii. Nilikuwa fundi wa simu na skrini katika kibanda kimoja cha barabara ya Luthuli, katikati ya mji, na cheti changu kikubwa kilikuwa cha kidato cha nne. Hospitali yetu, ambayo wakati huo ilikuwa ndogo kuliko mnavyoijua, iliita fundi kwa sababu skrini ya chumba cha katheta ilikuwa inazimika daktari akiwa katikati ya kazi. Nilikuta waya uliobanwa na gurudumu la kitanda. Niliporudi mara ya tatu, kwa waya uleule na gurudumu lilelile, waliona ni nafuu nikae hapo hapo. Mengine nilijifundisha kwa kusoma vile vikaratasi vyembamba vinavyokunjwa mara kumi na sita ndani ya maboksi ya vifaa. Nilivisoma vyote, hata sehemu ya anwani. Mtu asiye na chuo husoma hivyo, kwa sababu kila asubuhi anangoja kuulizwa swali ambalo wenzake walijibiwa darasani.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Sista Akinyi, muuguzi aliyekuwa amekaa chumbani miaka kumi na mmoja.

“Sasa, Barasa,” alisema. “Hapa sheria ni moja tu. Usiguze kitu ya buluu.”

Nikatazama. Vitambaa vilikuwa vya buluu, gauni za buluu, trei zimefunikwa buluu, hata ukuta.

“Sasa nisimame wapi?”

“Hapo hapo. Na ukipumua, pumua ukiangalia mlango.”

Huyo ndiye Akinyi. Hakuwahi kucheka akifanya mzaha, na kwa hiyo mtu wa wasiwasi kama mimi hakuweza kujua ni wakati gani anafanya mzaha. Kumbukeni hilo; lilinigharimu wiki mbili.

Mtu wa pili alikuwa Mzee Gurdev, mtayarishaji wa maputo. Alikuwa Singasinga wa miaka sitini na kitu, mwenye kilemba kilichofungwa vizuri sana hivi kwamba nilihisi shati langu limechafuka. Alikuwa amejifunza kazi ya mikono katika karakana ya mjomba wake Barabara ya Kirinyaga, akichonga vipuri vya injini. Yeye pia hakusomea mambo ya moyo. Mfukoni mwa gauni alibeba kalipa, kile kipimo cha chuma chenye taya mbili ambacho mafundi hutumia kupimia bomba. Kila jioni kalipa hiyo ilipitishwa kwenye mashine ya mvuke pamoja na mikasi ya daktari. Nilidhani ni uzee.

Kwa wale ambao hawajaiona kazi ya puto kwa karibu, ni hivi. Mtoto huumwa koo, haliponi sawasawa, inafuata homa ya baridi yabisi, na miaka mingi baadaye vali, yaani kilango cha damu, iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto wa moyo inakuwa ngumu na kingo zake zinashikana. Damu inapita kwa kujipenyeza. Mgonjwa anashindwa kupanda ngazi, halafu anashindwa kulala chali. Zamani dawa ilikuwa kupasua kifua. Sisi tunaingia kwa tundu dogo kwenye kinena, tunafuata mshipa kwa waya hadi moyoni, tunapitisha katheta, yaani mrija mwembamba wenye puto lililokunjwa, tunalifikisha puto katikati ya vali na kulijaza maji yenye dawa ya rangi. Puto linavimba, kingo zinaachana, puto linafyonzwa na kutolewa. Kuvimba kwenyewe huchukua muda mfupi kuliko kupiga chafya. Likivimba kidogo mno, umemsumbua mgonjwa bure. Likivimba kupita kiasi, vali inachanika, na hapo ndipo kifua kinapopasuliwa, mbio mbio, kama kuna aliye karibu wa kukipasua.

Kwa hiyo kila kitu kiko kwenye kipimo. Na kipimo hakiko kwenye puto peke yake. Kiko kwenye sirinji inayolijaza. Kila puto huja na sirinji yake, yenye alama zilizopimwa kwa puto hilo moja. Ukijaza hadi alama ya ishirini na sita, puto linakuwa na upana wa milimita ishirini na sita. Ukichukua sirinji ya puto lingine, alama ni uongo. Juu ya boksi iliandikwa kwamba seti itumike mara moja tu. Chumbani kwetu, siku zile, ilitumika mara moja, ikasafishwa, ikapitishwa kwenye gesi ya kuua vijidudu, kisha ikatumika mara moja tena. Sisemi ilikuwa sawa. Nasema mnajua vizuri ilivyokuwa, na mkiambiwa vingine, shukuni.

Kikaratasi cha ndani ya boksi kililieleza jambo hilo la sirinji. Lakini seti zetu zilikuwa zimepoteza maboksi na vikaratasi vyake zamani. Hicho ndicho kikaratasi pekee ambacho sikuwa nimekisoma.

Wiki yangu ya pili, Mzee Gurdev alienda Kisumu kwenye harusi ya mpwa wake. Akinyi alinipa ufunguo wa kabati la maputo.

“Panguza rafu,” alisema. “Vumbi ya hapo ni ya tangu uhuru.”

Ndani nilikuta pakiti za plastiki zimefungwa mbili mbili kwa vitambaa: cha zambarau, cha manjano, cha kijani, cha rangi ya machungwa, viwili vingine sikumbuki. Vilikuwa vipande vilivyochanwa kwenye vilemba vikuukuu. Katika kila jozi, pakiti moja ilikuwa na puto na nyingine sirinji. Nilichoona mimi ni matambara kwenye kabati la hospitali. Nikavifungua vyote sita na kuvitupa. Nikapanga maputo pamoja, kuanzia dogo hadi kubwa, na sirinji pamoja, alama zote zikitazama mbele. Nikanyoosha kingo kwa rula. Nilirudi nyuma hatua mbili kuangalia, na naona aibu kusema jinsi nilivyofurahi.

Akinyi alipita akachungulia. “Eh! Kama supamaketi,” akasema, na kwenda zake.

Asubuhi iliyofuata mgonjwa alikuwa Wambui, msusi wa nywele kutoka Riruta, mwenye saluni kando ya Barabara ya Naivasha. Alikuwa na miaka ishirini na sita na alikuwa ameacha kusuka akiwa amesimama; alisuka ameketi, akipumzika kati ya mistari. Nilikuwa nafunga nyaya za skrini karibu na kitanda chake, na akaniita.

“Wewe. Ati mnaingia moyo na mguu?”

“Kwa kinena, ndiyo. Tundu dogo tu.”

“Na mimi niamini. Mtu anaenda Kawangware hapo jirani na anasema anapitia Mombasa?”

“Ndiyo njia fupi.”

“Wewe ni daktari?”

“Hapana. Mimi ni wa vifaa.”

Akanitazama kwa makini, jinsi msusi anavyotazama kichwa ambacho mwingine amekiharibu. “Basi wewe ndiye nilikuwa natafuta. Madaktari kila kitu kwao iko sawa. Hizo vifaa umeziangalia wewe mwenyewe?”

“Nimeziangalia mwenyewe,” nikamwambia. Na kweli nilikuwa nimeziangalia. Nilikuwa nimezinyoosha kwa rula.

Mzee Gurdev alifika moja kwa moja kutoka safarini, akanawa na kuvaa, na kukuta Akinyi ameshatoa puto na sirinji kutoka kwenye mpangilio wangu mpya. Pakiti zilikuwa tayari zimefunguliwa, kwa hiyo kabati hakuliona. Daktari alikuwa ameshaingiza waya. Wambui alikuwa macho, maana kazi hii hufanywa kwa ganzi ya kinena tu. Mzee akajaza sirinji hadi ishirini na sita, akalivimbisha puto ndani ya bakuli la maji ya chumvi kama ilivyokuwa desturi yake, akatoa kalipa. Daktari alishusha pumzi. Kila mara alishusha pumzi kwenye hatua hiyo.

Mzee alisoma kipimo. Akasoma tena. Akageuza puto, akasoma upande wa pili.

“Ishirini na nane na nusu,” alisema.

Akainua sirinji kwenye mwanga.

“Hii si sirinji yake. Nani ameguza kabati yangu?”

Mashine ya moyo iliendelea kulia. Akinyi aliangalia kabati, kisha akaangalia trei. Hakuniangalia mimi.

“Ufunguo ni mimi nakaa nayo, Mzee,” alisema.

“Miaka kumi na moja, Akinyi!”

“Najua ni ngapi.”

“Kuna nini?” Wambui akauliza kutoka chini ya vitambaa. “Nyinyi, kuna nini?”

“Tunapima tu, mama,” daktari alisema. “Ni kawaida.”

Haikuwa kawaida, na sauti yake ilionyesha. Mzee Gurdev alitoa maji yote, akaanza upya: anajaza kidogo, anavimbisha, anapima, anafyonza, anaongeza tone, anapima. Mikono yake ilikuwa ya mtu anayechonga kipuri cha injini, bila haraka hata kidogo, na waya ulikuwa ndani ya moyo wa mtu wakati wote huo. Kalipa iliposoma ishirini na sita, mara tatu mfululizo, alichukua kisu kidogo cha daktari akakuna alama mpya ubavuni mwa sirinji. Kisha akampa daktari. Puto likavuka, likavimba, likatoka. Kwenye skrini ile mistari miwili ya shinikizo, ambayo ilikuwa imeachana kama watu waliogombana, ikakaribiana. Vali ilikuwa imefunguka, na haikuchanika.

Nilipaswa kusema pale pale. Nimelifikiria jambo hili kwa miaka kumi na tatu na sijapata kisingizio kimoja kinachosimama. Sikusema kwa sababu nilikuwa na wiki mbili kazini, sina cheti, na niliona kibanda cha Luthuli mbele yangu. Basi.

Mchana metroni, mkuu wa wauguzi, alimpa Akinyi barua ya kutaka ajieleze. Alipewa wiki mbili. Kila mtu alijua maana yake: maelezo yasiporidhisha, miaka kumi na mmoja inaishia langoni.

Nataka mwelewe wiki hizo mbili zilivyokuwa, kwa sababu chumba chetu kinaweza kuzirudia wakati wowote. Akinyi alijua ni mimi. Yeye ndiye aliyenipa ufunguo. Kwa nini hakunitaja? Mtu mwingine angeshukuru. Mimi nilianza kuhesabu. Nilijiambia ananiweka akiba, siku ya mwisho atanitoa mbele ya metroni kama mtu anavyotoa karata. Aliponipa chai, nilijiuliza kwa nini leo. Alipokosa kunipa, nikajua imeanza. Siku moja alisema, “Barasa, siku hizi unapumua ukiangalia mlango kweli,” na sikulala vizuri kwa ajili ya sentensi hiyo. Nilianza kuandika kwenye daftari saa nilizoingia na kutoka, na nani aliniona, ili nijitetee dhidi ya jambo ambalo nililifanya kweli.

Na Mzee Gurdev naye alinishangaza. Kesho yake tu aliniita, akanipa kalipa, akanionyesha jinsi ya kushika taya zake bila kulibana puto. “Polepole. Kama unashika yai ya njiwa.” Akanipimisha kila kitu chumbani: katheta, mirija, hata kalamu ya daktari. Aliniambia, “Soma. Sasa soma tena. Sasa funga macho, fungua, soma.” Nikawa na hakika kwamba anachunguza mikono yangu, anatafuta ile iliyofungua vitambaa. Wakati huo huo alikuwa hazungumzi na Akinyi ila kwa kazi. Akinyi akiomba kitu, anakiweka mezani, hampi mkononi. Watu watatu ndani ya chumba kimoja kidogo, wote tumevaa risasi, na kila mmoja anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho. Wagonjwa walikuwa wanatuuliza kama kuna msiba.

Ijumaa ya wiki ya pili, siku ya mwisho ya kujibu barua, Wambui alirudi kliniki kupimwa. Nilikutana naye kwenye ngazi. Alikuwa anazipanda. Alifika juu, akasimama, akagundua kwamba hahitaji kusimama.

“Wa vifaa!” aliita. “Umeona? Ngazi mzima.”

Nikampongeza nikitaka kupita. Akanishika mkono wa shati.

“Ile siku uliniambia umeangalia mwenyewe.”

“Niliangalia.”

“Mimi nilikuwa macho, kijana. Kichwa yangu ilikuwa imegeuka upande wako. Huyo mzee akiuliza nani ameguza, wengine wote walikuwa wanaangaliana. Wewe ulikuwa unaangalia sakafu.” Akaachia shati. “Mimi sijui mambo yenu. Lakini nikiharibu nywele ya mtu, nasema ni mimi. Nywele inaota. Sijui kama hiyo yenu inaota.”

Akaenda kwenye foleni yake. Hakunitisha na hakuahidi kunisema popote. Alikuwa ameshamaliza.

Akinyi na Mzee walikuwa chumbani wakitayarisha trei, kila mmoja upande wake. Nilisema kabla sijafunga mlango. “Ni mimi nilifungua vitambaa. Siku Mzee alikuwa Kisumu. Nilidhani ni uchafu. Nilivitupa.”

Mzee Gurdev aliweka chini alichoshika. “Uchafu,” alisema. “Kilemba ya baba yangu.” Akatoka nje.

Nikamgeukia Akinyi, na kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kwa wiki mbili, nikamuuliza lile swali: kwa nini hakunitaja, alikuwa anataka nini?

“Kutaka?” Aliniangalia kama nimeongea Kichina. “Wewe Barasa una matatizo. Mimi ndiye nilikwambia panguza. Sikukwambia usifungue. Na mimi pia sikujua hizo vitambaa ni za nini, miaka kumi na moja, sijawahi uliza. Ningekutaja niseme nini? Nimemtuma mtoto dukani bila kumwambia ni duka gani?”

“Lakini ulikuwa unaninyamazia.”

“Nilikuwa naandika barua kwa kichwa. Unajua barua ya metroni iko na kurasa ngapi?” Halafu, baada ya kufunga trei: “Na sawa, nilikuwa nangoja nione kama utasema. Nilikuwa nimekupa mpaka saa nane.”

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Mpaka leo sijui kama ulikuwa mzaha.

Mzee alirudi baada ya muda, macho yamekuwa mekundu, na nilijiandaa kufukuzwa. Hakunitazama. Alimtazama Akinyi.

“Mimi nilikushuku,” alisema. “Huyu, nilijua hana ufunguo, kwa hivyo sikumfikiria. Nilikuwa nasema, Akinyi anataka nitoke, aweke mtu yake. Ndiyo maana nilianza kumfundisha huyu kalipa, abaki mtu yangu.”

“Mzee!”

“Ngoja. Sijamaliza.” Akaketi kwenye kigoda cha daktari, jambo ambalo hakuna aliyelifanya. “Hizo rangi zilikuwa kwa kichwa yangu peke yake. Zambarau ni puto hii, manjano ni ile. Sikuandika popote. Ningeandika, wangesema asante Mzee, sasa enda nyumbani Woodley ukae na bibi. Nikificha, lazima waniite. Hata nikienda harusi, lazima waningoje.” Akakigusa kilemba chake. “Lakini hawakungoja.”

Tulimpelekea metroni barua tatu. Alizisoma zote akiwa amesimama, akavua miwani. “Niliomba mkosaji mmoja,” alisema. “Mnaniletea watatu, na kila mmoja anataka awe wa kwanza.” Akinyi alibaki. Mimi nilipewa onyo na miezi sita ya kutogusa kabati lolote. Mzee Gurdev aliagizwa aandike alichokuwa nacho kichwani. Ilituchukua wiki nzima, yeye akipima puto na kusoma, Akinyi akiandika, mimi nikishika taa kwa sababu taa si kabati.

Yaliyofuata mnayajua, mengi yako kwenye daftari la chumba. Zilikuja vali mpya kamili, zinazobanwa juu ya puto hadi zinakuwa nyembamba kama penseli na kupitishwa kwa kinena kileile, kwa wazee ambao vifua vyao havistahimili kupasuliwa. Vali hiyo ikibanwa kichwa chini, haina msaada wowote, na ukishaibana ni vigumu kuona. Mara moja, katika miaka yangu ya kati, watu watatu walitazama vali moja na wote wakasema imekaa sawa. Niligundua kwamba wa pili alisema baada ya kumsikia wa kwanza, na wa tatu baada ya kuwasikia wawili. Nikaomba wapime upya, mmoja mmoja, wengine wakiwa nje ya mlango. Wa tatu, akiwa peke yake, alisema, “Ngoja kidogo.” Ilikuwa kichwa chini. Tulifungua nyingine. Mgonjwa hakujua, lakini baadaye daktari alimweleza, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana kwamba mgonjwa ataelezwa kila kosa.

Ushauri wangu ndio huo, ingawa hamkuuomba kwa maneno haya. Shukuni vitu. Shukuni lebo, boksi lililofungwa vizuri, alama iliyochapishwa, jibu linalokuja haraka, na zaidi ya yote kabati linalopendeza macho. Vitu havikasiriki. Mtu ukimshuku, muulize siku hiyo hiyo, mbele yake, kwa sauti ya kawaida. Mimi niliuliza baada ya wiki mbili, na jibu lilikuwa limekaa mezani tangu siku ya kwanza, karibu na chai.

Mzee Gurdev alistaafu kabla ya baadhi yenu kuja. Kalipa aliniachia mimi, ndiyo hiyo iliyo kwenye droo ya juu. Nimeipima dhidi ya kipande cha chuma cha kiwanda mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri, na bado iko sawa. Ipimeni na ninyi. Msiniamini.

Tangu siku ile haya ndiyo yaliyobadilika. Puto na sirinji yake hukaa ndani ya sanduku moja, na seti ikishatumika hutupwa yote. Kipimo husomwa kwa sauti na watu wawili, wa pili akiwa hajamsikia wa kwanza. Anayegusa kabati huandika jina lake, hata kama alikuwa anapanguza vumbi. Na mgonjwa akiuliza ni nani aliyeviangalia vifaa, haambiwi kwamba kila kitu kiko sawa. Hutajiwa jina la mtu, na mtu huyo husogea karibu aonekane. Kwa miaka mingi jina hilo lilikuwa langu. Kuanzia Jumatatu ni lenu.